Kula samaki na kula sikukuu Mtwara na Lindi: anza na mwezi

Watu wengi wanaokuja kusini wanaanza na tarehe ya likizo ya ofisini, wanakata tiketi, wanashuka stendi Mtwara na hamu ya pweza imewajaa mdomoni, af wanakuta pweza hakuna, au yupo wa juzi kwenye friji na bei yake inatisha. Wanarudi Dar wanatangaza bahari ya Mtwara imeisha. Haijaisha bana. Ina ratiba yake tu, na hiyo ratiba ipo kwenye upepo na mwezi, ukishaijua unakula vizuri hata kama umekuja na hela ya mawazo.

Tuanze na upepo. Kuanzia kama Novemba mpaka Machi ni kaskazi, joto linabana lakini bahari inatulia na mashua zinafika mbali. Aprili kwenda mpaka Septemba ni kusi, na Juni Julai ukisimama Shangani ufukweni unaisikia kabisa, wenye ngalawa ndogo wanakaa nchi kavu siku mfululizo wanashona nyavu. Katikati ya hizo mbili kuna kipindi cha matlai, upepo haueleweki na bahari inalala. Sasa wageni wanasahau kitu kimoja, mvua za huku sio kama za Dar za vuli na masika, huku mvua inaanza Novemba au Desemba inakwenda moja kwa moja mpaka Aprili, kwahiyo Januari na Februari unapata joto na mvua vyote pamoja, na barabara ya Kilwa nayo inaweza kukusumbua (Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata ile barabara upande wa Kilwa na watu wakakwama). Kwa mimi msimu mtamu ni Oktoba mwishoni mpaka Desemba katikati. Bahari imetulia, embe zimeanza, mabibo yapo, mvua bado hazijachanganya.

Alafu mwezi, na hapa usiruke. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanakupwa sana na yanajaa sana. Katikati ya hapo, ukiwa nusu, ni maji mafu, maji hayaendi mbali wala hayaji sana. Pweza wa huku wengi wanachukuliwa na watu wanaotembea kwa miguu juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, kina mama wengi sana wanafanya hiyo kazi, wana chuma chao mkononi wanachungulia mashimo. Kwahiyo pweza ni kitoweo cha bamvua. Ukija wakati wa maji mafu utampata wa kuzamia, wachache, na bei inapanda. Dagaa ni kinyume kidogo, wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi giza likiwepo, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa inapumzika. Sasa piga hesabu mwenyewe: siku za mwezi mwandamo una giza na bamvua kwa mpigo, unapata pweza na dagaa. Siku za mwezi mpevu una pweza, dagaa sahau.

Saa nazo zinafuata hapohapo. Siku za bamvua pwani yetu maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi hivi, yanajaa saa kumi jioni. Maana yake pweza anatoka mwambani asubuhi, mchana yupo sokoni, jioni maji yamejaa na wewe unaogelea vizuri Shangani au Msimbati bila kutembea kilomita kwenye matope kutafuta maji. Maji mafu inageuka, saa kumi jioni ndo maji yako mbali, watoto wanalia wanataka kuogelea na bahari ipo kule. Kila siku inasogea kama dakika hamsini, kwahiyo ukijua leo unajua na kesho.

Na hapo ndo utamu wa sikukuu unapokuja, maana sikukuu zetu za Kiislamu zinakwenda na mwezi huohuo. Idi ndogo inaangukia mwezi mwandamo, bamvua hilo, giza hilo. Lakini usije siku ya Idi mosi ukategemea soko, wavuvi nao wana familia, wamevaa kanzu, wapo kwenye pilau. Idi mosi usiile kwa samaki, ile kwa pilau na kutembea tembea kwa watu, af Idi pili Idi tatu ngalawa zikianza kutoka bamvua bado lipo na watu wa mjini wameshaondoka, hapo sasa. Maulidi ni tarehe 12 ya Mfungo Sita, mwezi unakaribia kujaa, pweza utampata siku zilezile. Idi kubwa ni siku ya kumi ya mwezi, maji mafu matupu, ila siku hiyo nani anauliza samaki wakati nyama ya kuchinja imejaa mtaani. Kama unakuja Ramadhani jua mchana mama lishe wengi wamefunga na usikae unakula baharini mbele za watu, lakini futari ya huku sio ya kukosa, muhogo wa nazi na samaki, maharage ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, na ukijikuta karibu na baraza muda wa magharibi uwezekano wa kuitwa ukae ule ni mkubwa sana.

Matamasha mengine hayafuati mwezi. Lipo la MaKuYa mjini Mtwara, jina limetoka kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ngoma za makabila hayo matatu zinaletwa sehemu moja, unaona sindimba, unaona mapiko wenye vinyago kichwani, mambo ambayo ukiyatafuta kijijini ungezunguka wilaya nzima. Tarehe zake zinasogea mwaka hadi mwaka kwahiyo uliza kabla hujakata tiketi. Kuna la ufukweni Msangamkuu ambalo huwa la mwisho wa mwaka, Desemba, muziki na michezo ya maji na kula mpaka basi. Lindi wana Nanenane ya kanda ya kusini pale viwanja vya Ngongo, mwezi wa nane, hiyo ni ya wakulima lakini usidharau, mabanda ya chakula yapo mengi na jioni kunachangamka, na hali ya hewa Agosti ni baridi tamu hata kama bahari imechafuka.

Desemba ina jambo lake. Ni msimu wa malipo ya korosho. Hela ya mnada ikiingia kwa wakulima mji unabadilika wiki moja tu, bodaboda mpya, vyumba vya gesti vimejaa, samaki aliyekuwa bei ya kawaida Oktoba anakuangalia kwa dharau. Changanya na Krismasi na watu waliorudi kwao. Sio kwamba usije, ila kama unataka tamasha la Desemba weka chumba mapema na samaki nunua asubuhi sana kabla wakaanga chips hawajabeba.

Sasa soko. Mtwara unaenda Feri. Fika alfajiri, kumi na mbili hivi mpaka saa mbili, mitumbwi ya usiku inaingia. Utakuta mnada, samaki wanamwagwa chini au kwenye beseni na mnadi anapiga bei haraka mpaka unachanganyikiwa. Kama unataka samaki wawili wa kula usiingie kwenye mnada kushindana na wachuuzi, wao wananunua kwa wingi na wana watu wao, utapandishiwa bei kwa kutoelewa. Subiri kidogo, mchuuzi akishanunua anapanga mafungu yake pembeni, hapo unaongea nae. Salamu kwanza. Mkubwa mpe shikamoo, "shikamoo mama, za kuamka, mambo ya bahari leo vipi", sio unafika unanyooshea samaki kidole unauliza "hii shingapi". Kijana mwenzio muite mjomba, huku ni kawaida, na mjomba akikupenda atakwambia ukweli kwamba huyu wa jana chukua yule. Njoo na kikapu au ndoo yako, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019 na ile mifuko myepesi wanayokupa inachanika maji ya samaki yakiingia.

Nani ni nani: changu na chewa ni wa kuchoma na kupaka nazi, nyama imekaa vizuri haisambaratiki. Tasi ni mdogo, mtamu balaa akikaangwa mkavu, ila miiba yake ya mgongoni ina sumu inayouma kwahiyo muache muuzaji amtengeneze. Nguru na jodari unakatiwa vipande, nguru ni wa mchuzi wa watu wenye heshima zao. Kibua ni samaki wa wote, bei chini, ndimu na pilipili basi. Pono anaonekana mzuri ana rangi za kung'aa, nyama yake laini, mimi simpendi lakini wapo wanaomuapia. Taa na papa wakavu ni wa kupika na nazi kwa ugali, harufu yake itajulisha mtaa mzima unakula nini. Kamba kochi huyo ni wa mahoteli, wengi wanasafirishwa, ukimpata pwani mkiwa watu wanne mchange, ukiwa peke yako achana nae nunua kamba wa kawaida.

Kumjua samaki mzima: jicho limetoka nje na linang'aa, matamvua mekundu sio kahawia, ukimbonyeza ubavu unarudi. Hayo kila mtu anayajua. La huku kwetu ni kumjua samaki wa baruti, maana Mtwara na Lindi tumeteswa na uvuvi wa mabomu miaka mingi. Samaki wa baruti analegea akiwa bado mpya, mshike mkiani anajikunja kama kitambaa, ukimpasua ndani kuna damu imevia na mfupa wa mgongo umeachana. Usinunue. Anaharibika haraka sana kwenye joto hili, na pia ndo huyohuyo anayetumalizia miamba.

Joto lenyewe ndo adui mkubwa. Kibua, jodari na jamii zao wakikaa juani masaa machache wanatengeneza kitu ambacho moto hauwezi kukitoa, ukaange ukaange, kipo palepale. Dalili zinakuja haraka, dakika chache mpaka saa moja, mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wengine wanadhani wamerogwa kumbe ni kibua cha saa tisa mchana kisicho na barafu. Kwahiyo hao wanunue asubuhi au wenye barafu, mchana kula wengine. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, usiguse hata ukiambiwa yupo fundi wa kumtengeneza. Na kasa usile, ni kosa la kisheria na nyama yake inaweza kuua, Machi 2024 kisiwa cha Panza kule Pemba walikufa watu tisa, wanane kati yao watoto. Hakuna mpishi wa kukutoa kwenye hiyo.

Ukishanunua una njia mbili. Kuna watu pale pale wa kupaa magamba kwa hela kidogo, af unapeleka kwa wakaangaji, unalipia kukaangwa tu. Angalia mafuta kabla hujampa samaki wako, yakiwa meusi kama oili chafu nenda karai lingine. Au unampelekea mama lishe, unamwambia "mama naomba unipikie huyu na nazi, nakuja saa saba", unamwachia hela ya nazi na viungo, unaenda zako. Usije njaa imekubana ukataka chakula dakika kumi, nazi inakunwa, tui linakamuliwa, haina haraka. Gestini na hotelini nako ni hivohivo, oda ya mchana toa asubuhi.

Pweza nimuongelee zaidi maana anaharibiwa na wengi. Pweza mbichi lazima apigwe, kwenye jiwe au kwa mti, mpaka mikono ilegee, kama hajapigwa utatafuna kama kandambili. Ukipika mwenyewe usiweke maji, muweke kwenye sufuria mtupu moto mdogo, anatoa maji yake mwenyewe mekundu, anachemka humohumo mpaka akauke. Chumvi mwisho. Watu wa pwani wanatupia kipande cha papai bichi analainika haraka. Akishaiva ndo unamkata na kumuingiza kwenye tui zito na nyanya, kitunguu, bizari, ndimu. Yale maji ya kwanza usimwage, ndo supu. Jioni barabarani utaona vijana wana meza na taa, pweza amekatwa vipande, unachomoa kwa kijiti unachovya kwenye pilipili, unapewa na kikombe cha supu na maneno ya nguvu za kiume juu yake. Maneno ni ya bure, supu nzuri. Chagua meza yenye watu wengi kwa sababu pweza wake anaisha na kesho anakuja mpya.

Na usije Mtwara ukala chips. Agiza ugali wa muhogo, mweusi mweusi unaovutika, na dagaa wa nazi au papa. Tafuta ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa, inachemshwa inaliwa na chumvi na pilipili au inapikwa, Mmakonde akiwa Dar hicho ndo kitu cha kwanza anachoomba aletewe. Msimu wa mabibo utaona na uraka, pombe ya mabibo, ni laini mdomoni na inakushika magotini, kunywa kidogo kwenye jua hili.

Sehemu za kukaa ukala sasa, zipo za aina mbili tatu. Msangamkuu unavuka kwa kivuko kutoka Feri, safari fupi tu, mchanga mweupe, uliza kivuko cha mwisho saa ngapi kabla hujavua viatu. Msimbati ipo kama kilomita arobaini kutoka mjini, ipo ndani ya hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kwahiyo kuna taratibu na viingilio vya hifadhi, chakula nunua mjini au ongea na wenyeji mapema, na mkondo wa maji pale karibu na kina kirefu sio wa kuchezea. Mikindani ni kilomita kumi tu, mji wa zamani, boma la Wajerumani la 1895 limesimama kilimani, ukishapanda kule ukashuka jua likizama unakaa chini pembeni ya ghuba unasubiri samaki wa kuchoma, na pale huwa hakuna fujo. Lindi mjini vuka kivuko kwenda Kitunda, hata kama huna kazi Kitunda, ile ghuba jioni inatosha.

Kilwa ni safari ya peke yake. Kilwa Masoko unalala, Kilwa Kisiwani unavuka kuona magofu (kibali unalipia Kilwa Masoko kabla, eneo lipo urithi wa dunia toka 1981), unarudi unakula. Visiwa vya Songosongo wamekuwa na utaratibu wa kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue, siku wakifungua ni sherehe kabisa, mwambani wanaingia kijiji kizima na pweza wanaotoka ni wakubwa. Ukisikia kuna ufunguzi na upo karibu, acha kila kitu uende, ila muone kwanza mtu wa serikali ya kijiji, pale mgeni hajiingilii.

Kwenye ngoma kuna adabu zake. Ngoma ya tamasha piga picha utakavyo, mtuze mchezaji akikufurahisha, noti unampa mkononi au unamuwekea kwenye paji la uso, vigelegele ni bure. Mwenye kinyago usimguse na usimchungulie chini ya kinyago hata kama wenzio wanakuchochea. Lakini likizo za shule utasikia ngoma usiku vijijini, hizo nyingi ni za jando na unyago, hilo sio tamasha lako, usiende na simu imewashwa taa, subiri siku ya kuwatoa wali, yaani hao vijana waliokuwa jandoni na unyagoni, hiyo ni ya watu wote na kina mama watakuvuta mwenyewe ucheze.

Njiani nako unakula. Mnazi Mmoja pale njiapanda ya Masasi basi likisimama wanakuja dirishani na samaki wa kukaanga, chungulia kwanza, nusa, halafu lipa, na uwe na hela ya chenji maana basi linaondoka na mia tano yako.

Zawadi za kurudi nazo Dar, usibebe samaki mbichi bila barafu, njia ni kilomita zaidi ya mia tano na sanduku la basi chini lina joto. Nunua ng'onda waliokauka vizuri, au papa mkavu, au kaangisha vibua vikavu jioni kabla ya safari, viache vipoe kabisa usiku kucha ndo uvifunge kwenye gazeti na boksi, ukivifunga vya moto vinatoa jasho na vinachacha kabla ya Rufiji. Boksi panda nalo juu, liweke miguuni, na jirani yako kwenye siti mpe kimoja mapema ili asilalamike harufu.